Kambi ya Mgeni na Askari wa Mwenyeji

(Maneno ya Katibu Mwenezi mbele ya wanachama wa tawi)



Katika mkutano uliopita mzee mmoja alisimama akauliza: "Ninyi vijana mwapiga kelele juu ya kambi za majeshi ya kigeni. Lakini kambi huleta kazi, na askari wa nchi hufundishwa bure. Ubaya uko wapi?" Siku ile sikumjibu vizuri. Nilikwenda nyumbani nikasoma, na leo namjibu kwa habari za nchi moja tu, Afghanistan, maana huko jambo hili lilijaribiwa kwa miaka 20, wala halikukosa fedha.

Kaskazini ya mji wa Kabul pana uwanja wa eropleni uitwao Bagram. Ulijengwa miaka ya 1950 kwa msaada wa Warusi. Mwishoni mwa 1979 Warusi wenyewe wakaja na majeshi yao, wakautumia katika vita hata walipoondoka Februari 1989. Mwaka 2001 wakaingia Waamerika. Wakaupanua mpaka ukawa kama mji, una hospitali, una maduka, una na gereza. Katika gereza hilo, Desemba 2002, wafungwa wawili walikufa kwa kupigwa, mmoja wao dereva wa teksi. Madaktari wa jeshi la Marekani wenyewe ndio walioandika kwamba watu hao waliuawa. Kweli, mzee wangu, wanavijiji wa jirani walipata kazi pale. Lakini lango la mshahara ndilo lilikuwa lango la gereza.

Sasa niseme juu ya askari wa mwenyeji. Marekani ilitumia zaidi ya dola bilioni 80 kujenga jeshi na polisi wa Afghanistan. Kwenye karatasi walikuwa kama 300,000. Nasema kwenye karatasi, kwa sababu wengine walikuwa majina matupu, na mishahara yao ikiliwa na wakubwa. (Sisi walimu twalijua daftari lenye watoto wasiokuwapo darasani.) Hata hivyo askari wa kweli walikuwapo, tena walipigana. Katika miaka hiyo walikufa zaidi ya 60,000. Waamerika waliokufa walizidi 2,300. Agosti 16, 2021 Rais Biden alisema kwamba askari wa Marekani hawapaswi kufa katika vita ambavyo Waafghani wenyewe hawataki kuvipigana. Basi na aulizwe: hao 60,000 walikufa wakifanya nini?

Si uoga, ndugu zangu. Jeshi lile lilifundishwa kupigana kama Waamerika, yaani eropleni ziwe juu, na risasi, chakula na majeruhi vichukuliwe kwa helikopta. Zamani walitumia helikopta za Kirusi, na mafundi wao waliweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kuzitengeneza. Kisha wakaanza kupewa za Kiamerika, ambazo ziliwategemea mafundi wa makampuni ya kigeni. Mimi chuoni nilionywa kwamba mwalimu akimfanyia mtoto hesabu zote, daftari litapendeza, na mtoto atashindwa siku ya mtihani.

Mtihani ulikuja hivi. Februari 29, 2020 Marekani ilitia sahihi mapatano na Taliban huko Doha. Serikali ya Kabul haikuwamo. Waliokubaliwa waondoke hawakuwa wanajeshi tu, bali hata mafundi wale wa makampuni. Askari aliye kilimani na watu kumi, hajalipwa kwa miezi, akasikia kwamba mwenye eropleni amekwisha patana na adui yake bila kumwuliza.

Mwanzoni mwa Julai 2021 Waamerika wakaondoka Bagram usiku. Umeme ukazimika. Jemadari wa Kiafghani aliyepaswa kuupokea uwanja alipata habari baada ya saa kadhaa, na waporaji walikuwa wamekwisha ingia kabla yake. Walimwachia maji ya chupa kwa maelfu, na magari mengi yasiyo na funguo. Agosti 6 mji mkuu wa kwanza wa jimbo ukaanguka. Agosti 15 Taliban wakawa Kabul. Marubani wengine wakaruka na eropleni zao kukimbilia Uzbekistan.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Serikali waliyoiacha Warusi ilisimama miaka mitatu, lakini msaada wa Moscow ulipokoma ikaanguka, Aprili 1992.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba walioshinda ni watu wema. Mwaka huo huo wa 2021 waliwafungia wasichana milango ya sekondari, na mimi mwalimu siwezi kulinyamazia jambo hilo. Wasichana hao walikuwa wakilindwa na jeshi ambalo funguo zake zilikuwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Mzee wangu aliuliza ubaya uko wapi. Kazi zilikuwapo, na mafunzo yalikuwapo. Lakini siku ya kufunga kambi ilipangwa Washington na Doha, na aliyebaki na bunduki kilimani hakuwa na mkono katika shauri hilo.

Sasa nakaa, nipokee maswali. Bwana Mwenyekiti, naomba tuanze na akina mama. Mara iliyopita saa zilikwisha kabla hawajapata nafasi.