Mizani, Debe na Neno

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, wazazi, walimu na wanafunzi wa sasa.)



Nimeombwa niseme juu ya Neno la Mungu katika maisha ya kila siku. Mwenyekiti amenionya nisizidi robo saa, kwa kuwa ng'ombe amekwisha kuchinjwa na moshi wake mnausikia. Nitajitahidi. Lakini sikuja kuhubiri. Mahubiri yana wenyewe, na mmoja wao ameketi hapa mbele. Mimi nimekuja kuwasimulia habari ya mizani.

Kwanza niwakumbushe mtu mmoja. Wanafunzi wengi mmepita mbele ya hospitali hapa Sumbawanga yenye jina la Dk. Atiman, lakini nikiwauliza Atiman alikuwa nani, wengi mtatazama chini. Adrian Atiman alitekwa akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akauzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika kule Algeria. Walimpeleka Malta akasomea uganga, na mwaka 1889 akafika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Karema leo iko Mkoa wa Katavi, uliozaliwa kutokana na Rukwa yetu mwaka 2012, lakini historia haikatwi kwa mipaka ya mkoa. Hapo Atiman alitibu watu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni: miaka 67. Alikuwa katekista na daktari kwa pamoja. Yule Msamaria wa Luka sura ya 10 tunamsoma kwa dakika tatu, na mzee huyu alimsoma miaka 67 kwa kufunga vidonda.

Sasa nirudi kwangu, ambako hakupendezi namna hiyo.

Nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1979. Wakati wetu tulishika aya kwa moyo, tena kwa woga, maana aliyekosa alijua jioni atakata majani ya uwanja wa mpira peke yake. Aya zangu nyingi nilikuwa nimezipata hata kabla ya kuja hapa, kwa katekista wa kijijini kwetu. Sisi tulimwita Mwalimu tu. Alikuwa na Biblia moja iliyofungwa kwa kitambaa, na jembe moja. Huyo Mwalimu alituambia kwamba aya ni kama nyasi za intumba. Ninyi mliokulia mjini mtaniwia radhi: mkulima wa Ufipa, mvua zinapokaribia kwisha, hufukia nyasi chini ya matuta ya mviringo, akapanda maharage juu yake. Nyasi zikaoza humo ndani. Msimu unaofuata hubomoa matuta, akasambaza ule udongo na kupanda ulezi. Basi Mwalimu alisema, mfukie mtoto aya, usimwulize leo ameelewa nini. Ngoja msimu wa pili.

Mimi msimu wangu wa pili ulichelewa.

Mwaka 1983 nilikuwa karani wa mizani katika kituo kimoja cha kununulia mahindi. Sitataja kituo wala chombo kilichoniajiri. Wazee wenzangu wanaukumbuka mwaka ule: Waziri Mkuu Sokoine alikuwa akiwasaka wahujumu uchumi, na watu walikuwa wakitupa sabuni na khanga porini usiku wasikamatwe nazo. Sisi pale mizanini tulisikiliza redio na kuwalaani wahujumu. Hatukudhani kuwa hujuma ni kilo mbili.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Mizani yetu ilikuwa imerekebishwa kidogo. Gunia lenye kilo 100 lilisomeka 98. Mkubwa wangu ndiye aliyeirekebisha, na ile ziada ilipata njia yake. Mimi sikuigusa mizani. Kazi yangu ilikuwa kusoma namba na kuandika. Kwa miezi mitatu nilijiambia hivyo: mimi nasoma tu.

Mwezi wa tisa, mikokoteni ya ng'ombe ikiwa imepanga mstari mpaka barabarani, akatokea Mwalimu na magunia 7. Alikuwa amezeeka. Akaniamkia kwa heshima yote, akapiga vikofi kama wafanyavyo wazee wa Kifipa, mimi kijana wa kumfaa mjukuu. Likapandishwa gunia la kwanza. Akainama kuitazama mizani, kisha akasema, “Mwanangu, soma wewe. Macho yangu hayaoni tena.”

Nikasoma 98.

Nikasoma hivyo mara saba. Mwalimu akapokea hati yake, akapiga tena vikofi vya shukrani, akapanda mkokoteni.

Vijana, aya ya Mithali 11:1, ile inayosema juu ya mizani ya hila na jinsi Bwana anavyoichukia, nilifundishwa na mzee yule yule. Naijua tangu nikiwa na miaka tisa. Siku ile ilikuwa ndani ya kichwa changu, nzima, haina neno lililopotea, na haikunizuia kitu. Ndiyo maana nawaambieni ninyi mnaopata alama za juu katika somo la dini: hongereni, lakini bado.

Miaka ikapita. Nikaoa, nikahamia mjini, nikaingia katika jumuiya ya mtaa wetu. Hizi jumuiya ndogo ndogo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika mkutano wao wa mwaka 1976, na mwanzoni mimi nilizihesabu kuwa shughuli za akina mama. Twakutana nyumba kwa nyumba, twasoma Injili ya Jumapili ijayo, kisha linaulizwa swali linaloudhi kuliko yote: juma hili tutafanya nini? Mwaka 1995 tukasoma Zakayo, Luka sura ya 19. Mama mmoja muuza vitumbua akauliza kwa upole tu, “Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Sisi tunaoungama, huwa tunarudisha?” Hakuwa akinitazama mimi. Usiku ule sikulala.

Kilo 2 mara magunia 7 ni 14. Mara nne ni 56. Nikanunua mahindi kilo 56 na kuyapeleka kijijini. Mwalimu alikuwa amekwisha kufariki. Nikamweleza mwanawe mkubwa kila kitu, mbele ya mkewe, nimesimama. Alinyamaza kitambo. Akayapokea mahindi, akanikaribisha ugali. Tulipokwisha kunawa akaniambia, “Ndugu, umetulipa sisi kwa sababu baba alikuwa katekista. Na wale wengine waliokuwa kwenye mstari?”

Mpaka leo sina jibu la swali hilo. Hati zile sijui ziko wapi. Wengi wamekufa. Nilifikiri nimekwenda kumaliza deni, kumbe nimekwenda kuonyeshwa ukubwa wake.

Jambo la pili nitalipitia upesi. Husemwa kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni “tupa uchawi”. Mji wenye jina hilo usingepaswa kuwa na mzee anayelala kwa hofu kwa kuwa macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Mwanafunzi ukifeli mtihani, usiende nyumbani kuonyesha kidole kwa bibi wa jirani. Amri inayokataza ushahidi wa uongo, Kutoka 20:16, inahusu kidole hicho pia.

Nirudi sokoni. Zamani ilikuwa mizani ya serikali, siku hizi ni lumbesa. Mnunuzi anakuja na gunia lililoshonewa kilemba, au na debe lililogongwa likatanuka tumbo, analisukasuka na kulishindilia mpaka limwagike. Debe 6 za mkulima zinakuwa 5 za mnunuzi. Sheria inakataza gunia la zaidi ya kilo 100, nalo linapita mchana kweupe. Nimemsikia mnunuzi mmoja kwa masikio yangu, mwenye rozari shingoni, akimwambia mama mkulima kwamba kipimo cha kushindiliwa na kumwagika kimo katika Injili. Kweli kimo, Luka 6:38. Lakini Yesu alikuwa akisema na anayetoa. Hakumpa mnunuzi ruhusa ya kudai. Mama yule hakuwa na la kujibu kwa sababu aya aliisikia kanisani tu na hakuwahi kuisoma mwenyewe. Basi someni, vijana, hata kama ni kwa ajili ya kumjibu mtu wa namna hiyo.

Jumuiya yetu ilichanga, ikanunua mizani. Imepigwa chapa na Wakala wa Vipimo. Mimi ndimi mtunzaji wake, na niliwaeleza wanajumuiya kwa nini nisiaminiwe upesi, kwa hiyo ufunguo uko kwa yule mama wa vitumbua. Kuanzia mwezi wa saba tunapima kila Jumamosi asubuhi, bure, gunia la mtu yeyote, awe wa dhehebu letu au la. Waambieni wazazi wenu wapitie kwetu kabla ya kwenda kwa mnunuzi. Kila mtu husoma namba yake mwenyewe. Asiyeona vizuri na aje na mtoto wake.