Kuziba Nafasi Baina ya Mawe Madogo

(Maneno ya hotuba iliyotolewa Kosele mbele ya mafundi wa ujenzi na wenye nyumba)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, yaani kile kitu kinachojaza nafasi baina ya jiwe na jiwe katika sakafu au ukuta uliopambwa kwa mawe madogo ya asili. Mafundi hukiita grauti, nami nitafuata jina hilo hilo. Mimi si fundi. Kazi yangu ni kufasiri, na habari hizi nilizijua baada ya kulipia kosa langu mwenyewe. Ndipo nilipoketi kuyafasiri maneno ya Kiingereza yaliyopigwa chapa juu ya mfuko, ambayo yalinipasa kuyasoma kabla ya kazi kuanza.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Nilinunua vipande vya mawe ya Tabaka, vyeupe na vya rangi ya waridi, nikataka vipangwe ukutani penye beseni la kunawia. Fundi alivipanga vizuri sana. Lakini wageni walikuwa wakitazamiwa Jumamosi, nami nikamhimiza. Basi akachanganya saruji na mchanga wa mto, kama afanyavyo akijenga matofali, akaipaka juu ya ukuta wote, akasugua. Asubuhi yake mawe yale yaliyokuwa yaking'aa yalijaa mikwaruzo kama miguu ya mtoto aliyepita katika miiba, na weupe wake ulikuwa umeingiwa na kijivu kisichotoka hata kwa sabuni. Fundi yule hakuwa mvivu wala mjinga. Alilifanyia jiwe laini kazi ya jiwe gumu, na mimi ndimi niliyemnyima nafasi ya kufikiri.

Twajua jinsi jiwe la Tabaka linavyochongwa. Hukatwa kwa panga na kisu, kisha husuguliwa kwa msasa na maji mpaka lipate mng'ao. Na msasa ni nini, ila chembe kali zilizogandishwa juu ya karatasi? Mwenye kusugua mchanga juu ya jiwe hilo aliondoa kwa saa moja kazi ya mchongaji ya siku nzima.

Kwa hiyo grauti huchaguliwa kwa kutazama mambo mawili: ugumu wa jiwe na upana wa nafasi. Nafasi isiyozidi milimita 3 yataka grauti isiyo na mchanga. Nafasi iliyo pana kuliko hiyo yataka yenye mchanga laini, kwa sababu grauti tupu hunywea ikikauka, ikapasuka. Basi mwenye mawe laini na ayapange karibu karibu tangu mwanzo, asije akalazimika kutia mchanga baadaye. Jiwe la itale halina taabu hiyo.

Yawezekana mzee mmoja ataniuliza: mbona mababu hawakuziba kitu? Ni kweli. Huko Thimlich Ohinga, katika Migori, ziko kuta za mawe zilizojengwa bila saruji wala udongo, na zadhaniwa kuwa za tangu karne ya 16. Nyingine zafika mita 4 kwenda juu. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliziandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini kuta zile zina unene wa mita 1 hadi 3, zina uso wa nje na uso wa ndani, na katikati zimejazwa mawe; kila jiwe limeshikwa na uzito wa wenzake. Kipande chenu cha ukubwa wa kisanduku cha kiberiti hakina uzito wa kumshika mtu yeyote. Kisipozibwa kandokando, maji hupita nyuma yake, na siku moja kitabanduka.

Tena, haifai kudhani kwamba saruji ikizidi, kazi huwa bora. Watu wa Lamu walijenga nyumba zao kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ile, kwa kuwa ni laini, huyaacha mawe yatoe unyevu wake. Palipofanywa matengenezo kwa saruji ngumu, unyevu ulifungiwa ndani, na mawe ndiyo yaliyoanza kumomonyoka. Kile kinachojaza kisiwe kigumu kuliko kinachojazwa. Nafasi ikipasuka, hukwanguliwa na kujazwa upya kwa gharama ndogo. Jiwe likipasuka, hakuna dawa.

Sasa kazi yenyewe. Mawe yakiisha kubandikwa, yaachwe siku nzima yashike. Jiwe linywalo maji hupakwa kwanza dawa ya kuzuia maji, ikauke, ili rangi ya grauti isipenye. Kabla ya yote, jaribuni juu ya vipande vitatu au vinne vilivyobaki, na mngoje vikauke kabisa. Hapo mtajua kama grauti nyeusi italiharibu jiwe jeupe. Mimi sikufanya hivyo.

Changanyeni kidogo kidogo, iwe nzito kama karanga zilizosagwa. Iacheni dakika 10, mkoroge tena. Ikianza kukaza msiongeze maji, maana inapoteza nguvu; itupeni. Sukumeni kwa mwiko wa mpira, mkiupeleka mshazari ili usichimbe nafasi, na msipake zaidi ya meta moja ya mraba kwa mara moja. Baada ya dakika 15 au 20 pangusa kwa sifongo iliyokamuliwa sana, na maji ya ndoo yabadilishwe mara kwa mara. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kumwaga maji kama waoshao gari. Penye kona, sakafu inapokutana na ukuta, msitie grauti. Tieni ule mpira laini wa kuzibia, kwa kuwa nyumba huchezacheza.

Katika jua letu hili, funikeni kazi kwa magunia yenye unyevu siku 3. Ukungu mweupe ukibaki juu ya mawe, usifutwe kwa tindikali, hasa juu ya marumaru, ambayo hata siki na ndimu huila. Kitambaa na maji na subira hutosha.

Wageni wangu walifika Jumamosi ile, wakanawa mikono, wakasema ukuta ni mzuri. Niliubomoa mwezi uliofuata. Maneno ya mfuko nimeyafasiri yote kwa Kiswahili, na nakala yake iko kwa Bwana Mwenyekiti. Fundi yeyote apendaye na aje kuyanakili.