Nani Alipie Barabara, Maji na Kazi za Vijana Wetu?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini, Mkula, mkoani Simiyu)



Mada niliyopewa imetoka kwa vijana wa hapa hapa, nao katika jambo hili wamegawanyika. Wapo wanaosema: “Serikali na ikope, hata kwa riba, maadamu barabara zijengwe nasi tupate kazi, njaa haingoji fatwa.” Na wapo wanaosema: “Riba ni haramu, mikopo hiyo si yetu, tusiiulize wala tusiijadili.” Kundi la kwanza limechukulia haramu kwa wepesi. Kundi la pili limejitoa katika jambo ambalo linalilipia kila siku, kwani anayenunua sukari, sabuni na mafuta ya taa, na anayekatwa ushuru wa pamba yake, ndiye anayelilipa deni hilo, alijadili au asilijadili.

Basi tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2025 Bunge lilielezwa kwamba hadi Machi 2025 deni la Serikali lilikuwa takribani shilingi trilioni 107.7. Bajeti ya mwaka 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49, na katika hizo zaidi ya trilioni 14 zilitengwa kwa ajili ya kulipa deni. Yaani katika kila shilingi nne, moja inaondoka kabla mwalimu, daktari au fundi wa barabara hajapata chake. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa matanga yatakaliwa na watoto wetu, ambao harusi yenyewe hawakuialikwa.

Hata hivyo tusimwonee mkopaji. Reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam haikuweza kujengwa kwa makusanyo ya mwaka mmoja. Mwezi Februari 2020 Serikali ilitia saini mkopo wa dola bilioni 1.46 ulioratibiwa na benki ya Standard Chartered kwa ajili ya kipande cha Dar es Salaam hadi Makutupora, na mwaka 2024 treni zikaanza kubeba abiria hadi Dodoma. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, chenye kilomita 341, kilisainiwa Januari 2021, nacho kinapita katika mkoa wetu huu, Malampaka. Anayesema reli hiyo haina faida kwa mkulima wa pamba hajawahi kusubiri lori wakati wa masika.

Lakini je, kukopa kwa riba ndiyo njia pekee? Hapo ndipo ninapotofautiana na vijana wa kundi la kwanza.

Waliokuwepo mwaka 1970 wanakumbuka reli ya TAZARA. Mabwana wakubwa wa fedha wa dunia, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwao, walisema reli hiyo haitalipa. Serikali ya China, ambayo haikuwa na msikiti wala kanisa katika hesabu zake, ilitoa Yuan milioni 988 bila ya riba, zilipwe katika muda wa miaka 30. Ikajengwa reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kazi ikamalizika mwaka 1975, na maelfu kwa maelfu ya vijana wa Tanzania na Zambia walipata kazi na ufundi. Hata gharama za ndani zilipatikana kwa namna ya pekee: bidhaa za China ziliuzwa katika maduka yetu na fedha zake zikatumika kulipia kazi. Wasiokuwa Waislamu walifanya jambo ambalo Waislamu wengi leo wanasema haliwezekani.

Ninaongeza neno moja ili nisije nikaeleweka vibaya. TAZARA haikuepuka taabu. Uendeshaji ulilegea, mizigo ikapungua, na malipo ya deni yakaahirishwa mara kwa mara. Mkopo kukosa riba hakumfanyi msimamizi kuwa mwaminifu, wala hakutii mafuta injini. Kwa hiyo ndugu zetu wanaodhani kwamba tukiondoa neno “riba” mambo yote yatanyooka, nao wajihadhari.

Tukirejea katika historia yetu, tunaona kuwa jambo hili liliwashughulisha Masahaba wenyewe. Ardhi ya Iraq ilipoingia mikononi mwa Waislamu, baadhi ya Masahaba wakubwa, akiwemo Bilal r.a., walitaka igawiwe kwa askari walioifungua. Sayyidna Umar r.a. alikataa. Alishauriana na watu, akatoa hoja yake kutoka katika Suratul Hashr, kwamba wapo pia watakaokuja baadaye. Ardhi ikaachwa mikononi mwa wakulima wake, ikatozwa kharaj, na mapato yakaingia hazina ya umma mwaka baada ya mwaka. Tazameni, wapendwa: kiongozi alikuwa na mali mkononi, watu wa siku ile wanaitaka, naye akawahesabia sehemu watoto ambao hawajazaliwa. Anayekopa leo kwa ajili ya sherehe na magari ya kifahari anafanya kinyume chake kabisa, anachukua sehemu ya wasiozaliwa na kuwapa waliopo.

Baadaye Imam Abu Yusuf, katika kitabu alichomwandikia Khalifa Harun al-Rashid kuhusu kharaj, alipendelea kodi inayofuata mavuno kuliko kodi isiyobadilika, kwani mavuno yakiwa haba na kodi ikabaki ile ile, mkulima huikimbia ardhi yake. Tena akaeleza kwamba kingo na mifereji ya mito mikubwa, kama Tigris na Furati, ilipiwe na hazina ya umma kwa sababu manufaa yake ni ya wote. Kwa mkulima wa pamba maneno haya si ya kale hata kidogo. Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3, na wa mazao ya chakula hadi asilimia 2. Ushuru wa namna hii hufuata mauzo: mvua ikikosa, nao hupungua. Kwa maoni yangu huo ni ushuru wenye insafu kuliko nyingi nyinginezo, mradi unaporudi kijijini uonekane.

Linganisheni na tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021. Ilianzia shilingi 10 hadi kufikia shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Nia yake ilitajwa kuwa ni vituo vya afya na madarasa, na vituo vilijengwa kweli. Lakini ilimgusa nani? Kijana aliyeko Mwanza anayemtumia mama yake pesa ya dawa hakupata faida yoyote katika kutuma. Alitoa tu kwa huruma, nayo huruma yake ikatozwa. Watu walilalamika, tozo ikapunguzwa mwezi Septemba mwaka ule ule, ikapunguzwa tena mwaka 2022, na mwaka 2023 ile ya kutuma ikafutwa. Wananchi walisema na wakasikilizwa, jambo ambalo wale wa kundi la kukaa kimya hawapendi kulitaja.

Katika suala la kodi wanachuoni wetu waliweka sharti zito. Wamongolia walipokuwa wanaikaribia Misri, Sultan Qutuz alitaka kuwatoza watu fedha za jihadi. Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salaam alimjibu kwamba hilo halifai mpaka kwanza wakubwa watoe dhahabu na mapambo yao, walingane na watu wa kawaida. Kama hazikutosha, ndipo watu watozwe. Wakatoa. Na mwezi Septemba 1260 Wamongolia walishindwa katika vita vya Ain Jalut. Sheikh hakuikataa kodi, bali alipanga nani aanze kulipa. Kila mnaposikia bajeti inasomwa, ulizeni swali la Sheikh Izzuddin.

Sasa tuje katika yanayowezekana. Mimi naona miradi tusiichanganye katika kapu moja. Upo mradi unaoingiza fedha wenyewe: reli, bandari, umeme, maji ya bomba. Na upo usioingiza hata senti, kama barabara ya vumbi ya kijijini, darasa au kituo cha afya. Huu wa pili haufai kukopewa kwa riba, kwa sababu hakuna mahali pa kuitoa riba hiyo isipokuwa mfukoni mwa maskini. Ulipiwe kwa kodi ya walio nacho na kwa makusanyo ya mwaka. Barabara yetu ya Bariadi hadi Lamadi, kilomita 71.8, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengwa kwa fedha za ndani. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, la megawati 2,115 na mkataba wa zaidi ya shilingi trilioni 6.5, nalo lililipiwa kwa fedha za Serikali yenyewe, na mtambo wake wa tisa ulikamilika mwaka 2025. Lilichukua muda mrefu kuliko ilivyopangwa, ni kweli. Lakini lipo.

Ama miradi inayoingiza fedha, hapo ndipo mlango wa ushirika unapofunguka. Mwenye fedha aingie kama mshirika katika mradi, apate sehemu ya kodi ya pango au ya faida, na hasara ikitokea asikae pembeni. Hiyo ndiyo asili ya Sukuk. Uingereza, ambayo si nchi ya Kiislamu, ilitoa Sukuk ya Serikali ya pauni milioni 200 mwaka 2014, na mwaka huo huo Afrika Kusini ikatoa ya dola milioni 500. Hapa kwetu benki ya KCB ilitoa Sukuk mwaka 2022, na mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi Zanzibar ikazindua yake kwa ajili ya miradi ya maendeleo. Na kwamba wananchi wanayo akiba, hilo limethibitika: mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ilitafuta shilingi bilioni 53.12 kwa hatifungani ya miaka 10, zikapatikana na kuzidi. Hatifungani ile ilikuwa ya riba ya asilimia 13.5. Muislamu mwenye akiba alitazama tu, na maji ya Tanga anayanywa.

Lakini tusidanganyike na majina. Mwaka 2007 Sheikh Muhammad Taqi Usmani wa Pakistan alionya kwamba sehemu kubwa ya Sukuk zilizokuwa sokoni zilikuwa riba iliyovishwa kanzu: mwenye fedha amedhaminiwa mtaji wake na faida yake, wala hagusi hasara. Ikiletwa kwenu karatasi ya namna hiyo, ulizeni: mradi ukianguka, nani anapoteza? Jibu likiwa “ni mwananchi peke yake”, rudisheni karatasi.

Kuhusu kazi za vijana nitasema yale yaliyo karibu. Fedha ikija kwa mkandarasi mkubwa wa mbali, kijana wa Mkula hupata kushika bendera ya kuzuia magari, basi. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021, takribani shilingi trilioni 1.3 zilizotoka Shirika la Fedha la Kimataifa, zilijenga madarasa 15,000 nchini kwa mtindo wa kutumia mafundi wa pale pale kijijini. Ulikuwa mkopo, tusisahau, lakini ujira wake uliliwa na waashi na maseremala wetu. Na mradi wa maji ya Ziwa Victoria kwa wilaya za Busega, Bariadi na Itilima, uliokubaliwa mwaka 2017 kwa ruzuku ya Mfuko wa Kijani wa Hali ya Hewa pamoja na Ujerumani, unatufundisha upande mwingine: ruzuku haina riba, ila mwenyewe ndiye mwenye saa. Miaka imepita mingi tukiyasubiri maji ambayo ziwa lake tunaliona kwa macho.

Tena ipo mikopo ambayo sheria ya nchi, tangu mwaka 2018, imeifanya isiwe na riba. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Ndugu zangu, hii ni qardhan hasana iliyowekwa na Serikali isiyokuwa na dini! Je, vikundi vingapi vya vijana wa misikiti yetu vimeiomba? Mwezi Aprili 2023 ilisimamishwa, na miongoni mwa sababu ilikuwa fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa. Ikarudi mwaka 2024. Aliyechukua fedha ile bila kurejesha amemnyima mwenzake kazi, na deni lake atakuta limeandikwa.

Mwisho, mkutano mkuu wa kijiji kwa taratibu hukutana kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi husomwa hapo. Nawaomba wazee wa msikiti wateue watu watatu, mmoja wao awe mama na mmoja awe kijana, wahudhurie kila mara na kalamu mkononi. Waulize ushuru wa pamba wa msimu umeingia kiasi gani, umetoka kwa kazi gani, na nani alipewa kazi hiyo. Taarifa watakayoileta isomwe hapa Ijumaa inayofuata, baada ya swala, kabla watu hawajatawanyika.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.