Saa Tatu Bila Kufungua Pochi: Familia za Nairobi na Bustani za Umma

Mada hii ina swali moja. Je, mama wa Kawangware anaweza kupanda matatu nambari 46 na watoto wake watatu, ashuke mjini, akae bustanini saa tatu nzima, kisha arudi nyumbani bila kutumia chochote zaidi ya nauli?

Swali hili lina uzito kwa sababu ya yaliyotokea upande wa magharibi wa jiji. Kilimani, Kileleshwa na Lavington zilikuwa mitaa ya nyumba zenye ua mpana. Nyingi zimebomolewa, magorofa yamesimama, na watoto wa huko wanapiga mpira katikati ya magari yaliyoegeshwa. Kule Kawangware na Kangemi, mtoto anacheza kwenye njia ileile inayopitiwa na bodaboda. Wenye uwezo hukimbilia majumba ya biashara, ambako bembea hulipiwa. Wasio nao wanabaki na bustani za umma.

Inayojulikana zaidi kati ya hizo ni Uhuru Park, iliyofunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwezi Mei 1969, yenye eneo la takriban hekta 13 kati ya Upper Hill na katikati ya jiji. Vizazi vya Wanairobi vimepanda mashua katika ziwa lake na kula njugu na mahindi choma kwenye nyasi zake. Wapiga picha wake wamefanya kazi ambayo hakuna jumba la makumbusho lililoifanya: katika albamu za nyumba nyingi za Kenya mna picha ya Krismasi, mtoto kavalishwa soksi nyeupe hadi magotini, jengo la KICC likichungulia nyuma ya bega la baba.

Picha hizo zingekoma zamani. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai akaandika barua baada ya barua, akakejeliwa bungeni, hakunyamaza. Wafadhili wakajitoa na mradi ukafa. Miaka michache baadaye ilikuwa zamu ya Jeevanjee Gardens, bustani ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa jiji mwanzoni mwa karne ya 20. Palitakiwa maegesho ya magari hapo, na mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza upinzani uliofaulu. Mwaka 2019 michoro ya barabara ya Expressway ilimega ukanda wa Uhuru Park, na kelele za wananchi zikafanya ibadilishwe.

Ardhi basi imeokolewa. Kinachosumbua ni yale ambayo mama yule anayakuta akifika. Uhuru Park ilipofungwa mwaka 2021 kwa ukarabati, mjadala mkubwa ulikuwa juu ya miti iliyokatwa, na wananchi walikuwa na haki ya kuuliza. Familia nyingi za Nairobi hutoka baada ya ibada ya Jumapili, yaani jua likiwa utosini. Njia ya matofali inapendeza kwenye mchoro. Saa nane mchana, mtoto wa miaka miwili anataka mti.

Kwa kivuli, Arboretum iliyo kando ya State House Road haina mpinzani. Ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kupandwa misituni, na leo ina zaidi ya aina 350 kwenye hekta zipatazo 30. Watoto husoma vibao vya majina ya miti, huku waumini wakiomba kwa sauti chini ya matawi na tumbili wakinyemelea mifuko ya chakula. Anayefungua mkate bila kuangalia nyuma huupoteza. Lakini langoni kuna ada, na hata ikiwa ndogo, ukiizidisha kwa watu wanne na kuongeza nauli, Jumapili inaanza kuwa nzito.

Pwani kuna la kujifunza pia. Forodhani ya Zanzibar, iliyokarabatiwa mwaka 2009, huchangamka jua linapozama, na Mama Ngina Drive ya Mombasa, iliyozinduliwa upya mwaka 2019, hujaa familia jioni kwa viazi karai na upepo wa bahari. Nairobi, giza likianza kuingia kila mzazi anahesabu watoto na kutafuta matatu. Taa na walinzi wanaoonekana vingeiongezea familia saa mbili kila Jumapili.

Mapendekezo ya mada hii hayahitaji mkandarasi mkubwa. Kaunti ianze na vyoo safi visivyolipiwa, vyenye mahali pa kumbadilishia mtoto nepi, na mabomba ya maji ya kunywa. Watoto waingie Arboretum bure siku za Jumapili. Na vikao vya kukusanya maoni kuhusu bustani hizi visifanyike tena ofisini siku ya kazi, wakati mama yule yuko kibaruani. Vifanyike Jumapili saa tisa, palepale kwenye nyasi, karani akipita na daftari kutoka leso moja hadi nyingine.