Mficha Maradhi Kizimbani



Sungura ni mnyama anayewindwa, na kwa maumbile yake huficha udhaifu ili adui asimtambue. Hata akifugwa, tabia hiyo haimtoki. Kwa hiyo mfugaji anayengoja kumkuta amelala chini huwa amekwisha kuchelewa.

Dalili ya kwanza imo katika chombo cha chakula. Asubuhi mfugaji asimwage mabaki na kutia majani mapya kabla ya kuyatazama, maana kufanya hivyo ni kufuta ushahidi. Atazame pia kinyesi: punje zikipungua, au zikiwa ndogo kuliko kawaida, tumbo limeanza kuzembea kazi. Sungura aliyeshinda siku nzima bila kula yumo hatarini.

Dalili nyingine ni kujikunyata pembeni, kusaga meno kwa maumivu, manyoya ya miguu ya mbele kugandamana kwa kupangusa kamasi, na magamba ndani ya masikio. Kwa watoto, kuvimba tumbo na kuhara huweza kuwa koksidia, ugonjwa uwezao kumaliza uzao mzima.

Anayeshukiwa atengwe, chombo chake kisitumiwe na wengine, na Bwana Mifugo aitwe siku ile ile. Asinyweshwe penisilini, kwani huua vijidudu vyema vya tumboni, na tiba ikageuka sumu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sungura akificha, anayeumbuka ni mfugaji. Basi kizimba kikaguliwe kila siku, kama daftari la fedha.