Pigo la Kifua na Altrasaundi ya Moyo
Maelezo ya mtaalamu wa afya kwa wananchi wa Horohoro



Barabara ya Tanga–Horohoro imeleta biashara mpakani. Imeleta pia ajali. Dereva hubamizwa na usukani, abiria wa bodaboda hurushwa, na huko mashambani mkwezi huteleza mnazini. Mara nyingi majeruhi huinuka, hujipangusa vumbi na kusema, "Sijavunjika," kisha huenda zake nyumbani. Neno langu leo ni moja: ngozi kuwa nzima si ushahidi kwamba moyo ni mzima.

Moyo umekaa nyuma ya mfupa wa kidari. Pigo zito laweza kuufanya msuli wake uvilie damu, kuchana valvu, au kusababisha damu kuvujia ndani ya mfuko unaouzunguka. Damu ikijikusanya humo kwa haraka, hata isiyojaa glasi moja huubana moyo ukashindwa kujaa. Majeruhi huzimia, na asipowahiwa hufa. Eksirei huonyesha mbavu zilizovunjika, lakini damu hiyo kidogo huweza kuipita.

Altrasaundi huiona. Mtaalamu hupaka jeli kifuani na kuweka kifaa kidogo. Mawimbi ya sauti isiyosikika huenda na kurudi kama mwangwi, yakachora moyo unavyodunda. Hakuna sindano wala mionzi, hata mama mjamzito hupimwa. Kutazama kama kuna damu huchukua dakika chache, majeruhi akiwa kitandani. Ikionekana, madaktari huitoa na kutibu jeraha lenyewe. Huongezwa pia kipimo cha umeme wa moyo na cha damu. Daktari akiagiza altrasaundi irudiwe, tusinung'unike: uvujaji mwingine hujitokeza baadaye.

Ndugu zangu, kutoka hapa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ni takriban kilomita 65. Kwa hiyo tusipoteze saa ya kwanza kwa kumkanda majeruhi maji ya moto. Mkiona maumivu ya kifua, pumzi fupi, kizunguzungu, jasho la baridi, moyo kwenda mbio au mishipa ya shingo kutuna, mfikisheni kituo cha huduma mara moja ili apewe rufaa. Kitu kilichomchoma kikabaki kifuani, msikichomoe. Na mweleze mtoa huduma jinsi alivyoumia, maana maelezo hayo ndiyo humkumbusha daktari kuutazama moyo.