Hisabati ya Madarasa ya Juu na Stakabadhi ya Mkulima

Mazungumzo ya mkaguzi wa vyama vya ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi



Nimeombwa nizungumze juu ya elimu ya wanachama, nami nimechagua kuanzia mahali ambapo huenda wengi wenu hamkupatazamia: katika darasa la tano na la sita, kipindi cha hisabati. Sababu yangu ni hii. Katika nyumba nyingi za wakulima, mzee arudipo kutoka ghalani na stakabadhi mkononi, humwita mtoto aisome. Mtoto huyo ndiye mkaguzi wa kwanza wa chama. Mimi hufika msimu ukiwa umekwisha na fedha zimekwisha kugawanywa. Yeye huiona karatasi siku ile ile, wakati kosa lingali laweza kusahihishwa.

Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika Tanzania ilitaja, miongoni mwa udhaifu iliouona, wanachama wasioelewa vya kutosha mambo ya vyama vyao. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alisisitiza kwamba elimu ya shule ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe matayarisho tu ya kwenda sekondari. Nikiyaweka mambo hayo mawili pamoja, swali linakuja lenyewe: mtoto atakayebaki kijijini na kurithi shamba na hisa za baba yake ajue hesabu zipi kabla hajaaga shule?

Kwanza desimali, na hasa thamani ya kila tarakimu. Mtoto ajue kwamba kilo 46.5 ni kilo 46 na gramu 500, ila kilo 46.05 ni kilo 46 na gramu 50 tu. Tofauti ni gramu 450, na karani wa mizani aliyechoka huweza kuandika moja badala ya nyingine. Ajue pia athari ya kuacha sehemu ya kilo isiandikwe, jambo ambalo mahali pengine limezoeleka hata likaonekana ni utaratibu. Kwa kila mzigo inapotea kama nusu kilo kwa wastani. Mkulima akipima mara 12 katika msimu, amepoteza kilo 6. Chama kikiwa na wanachama 400 wa namna hiyo, zimepotea kilo 2,400. Na tukiweka bei ya shilingi 1,200 kwa kilo, hizo ni shilingi 2,880,000. Ningependa kila mtoto wa darasa la sita aifanye hesabu hiyo mwenyewe, ubaoni, kwa mkono wake.

Pili ni kukadiria kabla ya kukokotoa. Kilo 47 kwa bei ya shilingi 1,180: kichwani mtoto aseme ni karibu 50 mara 1,200, basi jibu halitapita shilingi 60,000 wala halitakuwa mbali nazo. Hesabu kamili ni 55,460. Stakabadhi ikisema 5,546, mtoto aliyekadiria ataruka kitini, na asiyekadiria ataikunja na kuiweka kabatini. Najua siku hizi simu ina kikokotoo. Kikokotoo hujumlisha vizuri kila kilichoandikwa, lakini hakijui kilichosahaulika, wala hakishtuki sifuri moja inapokosekana.

Katika maumbo sitadai mengi. Ila kipo kitu kimoja kinachotuletea ugomvi kila mara pembejeo zinapogawanywa. Wakulima wetu hupima ekari kwa hatua 70 kwa 70, na kipimo hicho si kibaya, kwa maana ekari ni yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900. Matatizo huanza mtu anapodhani kwamba shamba la hatua 140 kwa 140 ni ekari mbili. Ni ekari nne! Mkulima huyo akiandikisha ekari mbili, atapewa nusu ya mbolea anayohitaji, kisha atalaumu kamati. Mwalimu awatoe watoto nje, wapime uwanja wa shule kwa miguu yao, waone kwamba ukizidisha kila upande mara mbili, eneo linakuwa mara nne.

Sasa nifike kwenye asilimia, uwiano na wastani, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa hapa ndipo mikutano mikuu yetu mingi huvurugika.

Tuchukue pamba. Mwanachama asikia redioni kwamba bei ya pamba huko New York ni, tuseme, senti 80 za dola kwa ratili. Anachukua kikokotoo, anaona kilo ni ratili 2.2, anapata senti 176 kwa kilo, anabadili kwa shilingi, kisha anatazama alicholipwa na kusimama mkutanoni akipiga kelele kwamba ameibiwa. Kuzidisha kwake ni sahihi kabisa. Kosa lake ni kwamba bei ile ni ya pamba nyuzi, naye aliuza pamba mbegu. Kilo 100 za pamba mbegu hutoa nyuzi kama theluthi moja, na sehemu kubwa ya zinazobaki ni mbegu. Basi katika kila kilo aliyoiuza, nyuzi zake zina thamani ya senti 59 hivi. Hapo iongezwe thamani ya mbegu zinazokamuliwa mafuta, kisha yatolewe malipo ya kuchambua, usafiri na ushuru. Baada ya hapo ndipo aulize kama amepunjwa. Na huenda kweli amepunjwa, lakini sasa atajua ni katika mstari upi. Hesabu ya namna hiyo humlinda mkulima dhidi ya karani mwizi, na humlinda karani mwaminifu dhidi ya uvumi. Nimeona makatibu wema wakijiuzulu kwa sababu ya uvumi.

Wastani nao una mtego wake. Mkulima ameuza kilo 300 kwa shilingi 1,000, na baadaye kilo 100 kwa shilingi 1,400. Mtoto aliyefundishwa kujumlisha bei na kugawa kwa mbili atasema wastani ni 1,200. Fedha alizopata ni shilingi 440,000 kwa kilo 400, yaani 1,100. Pale mazao yanapouzwa kwa minada kadhaa na wanachama kulipwa kwa bei ya wastani, tofauti hiyo si jambo dogo. Na kwa asilimia, mtoto azoee kuuliza neno moja tu: ya nini? Bei ya 1,000 ikipanda kwa asilimia 20, kisha ikashuka kwa asilimia 20, hairudi pale ilipokuwa. Inakuwa 960, kwa maana asilimia ya pili imekatwa kwenye 1,200.

Wapo watakaoniambia kwamba nataka kumfanya kila mtoto awe karani, na kwamba aljebra na namba hasi zitaachwa. La. Namba hasi ni chama kinachodaiwa na benki, na aljebra ni ufundi wa kuitafuta namba iliyofichwa kwenye hesabu ya mapato na matumizi. Zifundishwe zote. Ninachopinga ni mtoto kukokotoa machungwa ya mtu asiyejulikana kwa miaka mitatu, na stakabadhi ya baba yake iko nyumbani, haijasomwa.

Ndugu makatibu, kazi ya kufundisha ni ya walimu, nasi hatuna mamlaka juu ya muhtasari wa masomo. Lakini stakabadhi za misimu iliyopita mnazo, mizani mnayo, na muhtasari wa mizania huwa mnaubandika ubaoni. Mwendeeni mwalimu mkuu kabla ya msimu kufunguliwa. Mwalimu wa hisabati akiomba nakala kumi za stakabadhi, mpeni ishirini, ila yafunikeni majina ya wakulima. Na siku atakapowaleta wanafunzi ghalani, karani awaache wapime mzigo wao wenyewe, tangu gunia tupu hadi gunia lililojaa, waandike uzito wote wawili.